Shubiri Moja Juu ya Dawa

Mimi ndiye niliyeamua bomba liingie chini. Sikuamrishwa na mtu, sikulazimishwa, wala sikuwa nimelewa. Niliulizwa swali la kazi nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili kwenye shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale, nikajibu kwa mdomo wangu mwenyewe. Watu wa rika langu wakisimulia habari za mashamba yale hupenda kusema mzungu alifanya hivi, mzungu alifanya vile. Ni kweli, walifanya mengi. Lakini hili ni langu.

Kwanza nieleze bomba lenyewe lilivyokaa, maana asiyejua hataona ubaya wangu uko wapi. Juu kilimani palikuwa na tangi la maji, lililojazwa kwa injini kutoka mtoni. Kutoka hapo bomba moja liliteremka. Katikati ya mteremko lilitoa tawi kwenda kwenye tangi la dawa ya kuogeshea ng'ombe, kando ya josho. Kisha likaendelea kushuka mpaka kambi ya wafanyakazi, likaishia kwenye mfereji mmoja tu, na kambi nzima ilikunywa hapo. Nyumba ya Bwana haikuwa kwenye bomba hilo. Yeye alikunywa maji ya mvua kutoka kwenye mabati yake, yakiwa yamechujwa kwa kitambaa cheupe.

Ile dawa ilikuwa sumu, si mchezo. Ilikuwa ya aina ile ile waliyowawekea panya, imechanganywa na sabuni na lami ili ishike kwenye ngozi ya ng'ombe na kuua kupe. Ilikuja kwenye mapipa, ikamwagwa ndani ya tangi la chuma refu kuliko mtu, kisha maji yakafunguliwa kuizimua. Swali lilikuwa hili: maji hayo yaingie tangini kwa juu au kwa chini? Na kwa kuwa mke wangu alikuja kunywa kutoka ule mfereji wa kambi, tena akiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, ungedhani nililifikiria swali hilo siku nzima. Nililifikiria muda wa kuvuta sigara moja.

Jibu la haki nililijua. Nilifundishwa Bungoma, stesheni, na fundi mmoja Mhindi aliyenichukua baada ya vita nikiwa sijui hata kushika spana. Alikuwa na ndevu nyekundu za hina na mkono mwepesi wa kupiga. Siku moja alinisimamisha chini ya tangi la maji ya magari ya moshi, akanionyesha pale bomba linapoingia, juu kabisa, mdomo wake ukining'inia hewani. Akapima kwa vidole vyake kati ya mdomo wa bomba na maji. Shubiri moja. Akaniambia, "Bomba ya kuingiza hapana gusa kitu iko ndani. Ikigusa, siku moja itakunywa." Nikacheka. Akanipiga spana ya goti, nikaacha kucheka. Lakini kuacha kucheka si kuamini. Moyoni nilisema huyu mzee anapenda sheria kwa sababu hana kingine cha kupenda.

Nilipofika kwenye lile shamba la Kitale nilikuta fundi wa bomba yuko tayari. Mzee wa watu, mtu wa kwetu upande wa Myanga, masikio yamekufa nusu kwa kugonga chuma, mgongo umepinda. Yeye alikuwa amefunga bomba la tangi la dawa kama yule Mhindi alivyonifundisha: linapanda ukutani, linapinda juu ya ukingo, na mdomo wake unakaa shubiri moja juu ya dawa hata tangi likijaa. Kazi safi. Niliiona siku ya kwanza nikaijua ni safi, na nikaichukia, kwa sababu mimi nilikuwa kibarua wa kubeba mabomba na yeye ndiye aliyekuwa na nyumba ya mabati.

Mpango wake ulikuwa na kasoro moja. Maji yakianguka kutoka juu kwenye dawa yenye sabuni, yalitoa povu. Lo, povu! Lilifura mpaka likafurika ukingoni na kuteremka ukutani, likakausha majani. Siku moja mbwa wa Bwana, jike moja lenye madoadoa ambalo lilikula nyama kila siku wakati kambi ilikula nyama Krismasi, lilipita likaramba lile povu. Halikufika nyumbani. Bwana alilichimbia kaburi chini ya miti ya jakaranda na kulisimamishia msalaba wa mbao. Sisi tulisimama na kofia mikononi, na mimi niliuma midomo nisicheke.

Kesho yake Bwana alikuja kwenye tangi, uso mwekundu, akamwita mzee na sisi vibarua wote. Akasema, "Mimi hapana taka povu tena. Povu naua mbwa. Nani najua bomba naingia wapi?"

Mzee hakusikia vizuri. Aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zima akasema, "Bwana, mimi nitaweka kibati cha kukinga povu. Bomba likae juu." Alisema polepole, kwa heshima. Ilikuwa njia nzuri. Kibati kingetosha.

Nikatoka mbele. Sikuitwa, nilitoka mwenyewe. Nikasema, "Bwana, huyu mzee haoni hata povu lake. Bomba iingie chini. Maji inaingia pole pole chini ya dawa, hakuna povu. Tena maji ikiingia chini inakoroga dawa yenyewe, hapana haja ya mtu wa kukoroga. Tena bomba ni fupi." Nikamwonyesha kwa mkono. Kisha, ili nimalize kazi, nikatembea hatua mbili nikiwa nimepinda mgongo, mkono sikioni, kama mzee alivyotembea. Vibarua wakacheka. Bwana akacheka. Mzee akatutazama mmoja mmoja akijaribu kujua kinachochekesha ni nini.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Mzee alipewa mpaka saa sita mchana ahame. Mtu wa kukoroga dawa, aliyesimama miaka mingi juu ya tangi na kasia lake, alifutwa siku hiyo hiyo kwa sababu bomba langu lingekoroga. Watu wawili kwa siku moja, na mimi nilijiona nimeanza vizuri.

Nilikwenda na sanduku langu kwenye nyumba ya mabati kabla mzee hajamaliza kutoa vyungu. Mke wake alikuwa anamfunga kuku miguu. Mzee alinisogelea karibu sana, kama viziwi wanavyofanya, akaniambia, "Mwanangu, nyumba chukua, sina neno. Mimi nitapata pengine. Lakini lile bomba, nakusihi, lirudishe juu. Chini pale kambini kuna watu."

Nikamjibu kwa sauti kubwa ili wote wasikie, "Mzee, ondoa kuku wako kabla sijamtia chumvi."

Wakacheka tena. Hakuna mtu anayechekesha kama mtu anayepanda cheo.

Nililikata bomba la mzee kwa msumeno. Nikatoboa tangi shubiri mbili kutoka chini, nikafunga bomba jipya kwa nati na washa za ngozi, nikaweka koki moja kwenye tawi. Tulipofungua maji, dawa ilijikoroga chini kwa chini, juu ikatikisika tu, hakuna povu hata la kutosha kunyolea ndevu. Bwana aliniita fundi mbele ya watu. Akanipa suruali yake kuukuu, nikaivaa Jumapili kanisani, nikakaa benchi la mbele.

Sasa sikiliza ubovu ulipokuwa. Kwa mpango wa mzee, koki ya tawi ingeachwa wazi hata mwaka mzima, dawa isingeweza kurudi bombani, kwa sababu bomba halikugusa dawa. Kwa mpango wangu, dawa yenyewe ilikuwa imekaa juu ya mdomo wa bomba. Siku tangi la kilimani likikauka, na koki iko wazi, na mtu wa kambini afungue mfereji, kitakachoshuka si maji. Ni dawa, moja kwa moja, kwa uzito wake. Kitu pekee kilichosimama kati ya sumu na midomo ya watu ni mkono wa mtu wa josho kukumbuka kufunga koki.

Na mtu wa josho sikumwambia! Aliniuliza, tena kwa adabu, "Fundi, hii koki ina utaratibu gani?" Nikamwambia, "Wewe chunga mikia ya ng'ombe, mambo ya bomba niachie mimi." Sikutaka mtu mwingine ajue. Ufundi ukijulikana na kila mtu, nyumba ya mabati inakuwa ya kila mtu. Ndivyo nilivyofikiri, na naona hasira kuyaandika haya.

Mke wangu alijifungua salama mwezi wa mavuno. Mtoto wa kike. Mama wa mke wangu akatoka kwao karibu na Bokoli, akapanda lori la mahindi, akaja kumkanda na kumpikia uji. Hapa lazima niseme habari za ukwe, kwa sababu vijana wa leo wanakumbatiana na mama wakwe zao stesheni kama wamesoma pamoja. Kwetu sisi, mwanamume na mama wa mke wake hawaangaliani usoni. Hawashikani mikono. Hawalali nyumba moja wala kula pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Ukitaka kumwambia jambo, unamtuma mtu wa tatu. Haya hiyo inaendelea mpaka mkwe apeleke mbuzi na blanketi, watu wakae, walegezeane. Mimi mbuzi nilikuwa naye na blanketi nilikuwa nalo. Niliahirisha tu, kwa kiburi. Nilijiambia wangoje, mimi ni fundi.

Kwa hiyo mama mkwe alilala kwa mwanamke mmoja wa ukoo wao upande wa juu wa kambi. Alikuja nyumbani kwangu asubuhi nikishatoka na kuondoka kabla sijarudi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwepesi wa miguu. Mara moja nilirudi mapema kuchukua spana, nikamkuta mlangoni. Alirusha leso usoni, akaruka mtaro na kikapu chake kichwani, akatokomea, na hakuna ndizi hata moja iliyoanguka. Nilisimulia hadithi hiyo kilabuni wiki nzima. Wenzangu walinitania, "Fundi, mama mkwe wako anakimbia kuliko gari moshi." Nami nilijisikia mkubwa, kwamba kuna mtu mzima anayekimbia kwa ajili yangu.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, watu wote wako shambani wakivunja mahindi. Mkanda wa injini ulikatika mtoni asubuhi. Nilihangaika nao mpaka saa saba nikaacha, nikapanda kilimani kuona maji yaliyobaki. Tangi lilikuwa kavu, chini kuna matope tu. Sikushtuka. Nikateremka nikipiga mluzi.

Nilipopita josho sikumwona mtu. Koki ya tawi ilikuwa wazi. Mtu wa josho alikuwa amefungua ajaze tangi, akaona maji hayaji, akaacha wazi yaje yenyewe, akaenda kukata majani. Mimi pia ningefanya hivyo kama ningekuwa yeye. Nikapanda ngazi nikafunua bati. Ndani, ukuta wa tangi ulikuwa umelowa mikono miwili juu ya dawa. Ilikuwa imeshuka sasa hivi. Nikatazama chini kwenye josho, ile koki ya kumwagia josho imefungwa, sakafu kavu. Nikajiuliza imekwenda wapi. Kisha nikasikia bomba. Mlio mdogo, wa taratibu, kama wa ng'ombe akinywa.

Mungu wangu. Nilianguka kutoka kwenye ile ngazi, sikushuka. Nikafunga koki, lakini kufunga kulisaidia nini? Bomba lote kutoka pale mpaka kambini lilikuwa limeshajaa. Nikakimbia. Kofia ikaanguka, kiatu kimoja kikatoka. Nilikuwa nawaza mke wangu na mtoto tu, sitadanganya. Mwanamke mzazi anakunywa maji mengi.

Nikatokea nyuma ya ghala la mahindi na mfereji ukawa mbele yangu. Mama mkwe alikuwa hapo peke yake. Debe limejaa, kibuyu cha kuchotea kikielea ndani. Maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu, lakini maji ya mwisho wa tangi kila mara yalikuja na rangi ya matope, na madebe yetu yote yalikuwa ya mafuta ya taa au ya lami, kwa hiyo harufu haikumshangaza mtu. Alikuwa ameshainua debe, analitengeneza kichwani kwenye kata ya majani.

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Nimezihesabu mara nyingi baadaye, nilirudi pale nikazihesabu kwa miguu. Kumi.

Akanisikia, akageuka, akaona mkwe wake anamjia mbio, kifua wazi, kichwa wazi, mguu mmoja mtupu, macho yametoka. Hebu jiweke mahali pake. Akatoa sauti ndogo ya aibu, "Uwii," akavuta leso usoni kwa mkono mmoja, mwingine umeshika debe.

Na mimi nikasimama.

Miguu yangu, miguu ile iliyopanda kwenye mlango wa mzee kabla hajatoa vyungu, ilisimama kama imepigiliwa misumari. Niliinamisha macho. Niligeuza uso pembeni kama mkwe mwema. Nikapaza sauti nikisema na hewa, maana hakukuwa na mtu wa tatu, "Mwambieni mama amwage hayo maji! Mwambieni hayo ni dawa!" Nikiwa nimegeuka. Sauti yangu ilikwenda ghalani. Yeye alisikia nini sijui. Nadhani alisikia tu kwamba mkwe anapiga kelele na yeye bado yuko mbele yake. Akaongeza mwendo, akaingia kwenye mabua ya mahindi yaliyokuwa hayajakatwa, debe kichwani, akapotea. Nilisikia mabua yakikatika, yakikatika, kisha nikaacha kuyasikia.

Ningeweza kumfuata. Mabua si ukuta. Nilizunguka. Nilichukua njia ndefu, ile ya kupita nyumbani kwa nyapara wa shamba, ili tusikutane. Nikikimbia nilijisifu kwamba nimepata akili: nitawahi nyumbani, nitamwambia mke wangu, mke wangu atamwambia mama yake, kila kitu kitakwenda kwa utaratibu.

Kweli nilifika, lakini wao walikuwa ndani wote wawili. Nilisimama nje nikaita, "Mama mtoto! Hayo maji ya debe usiguse! Ni ya josho! Umekunywa?"

"Sijakunywa," mke wangu akajibu. "Ndiyo kwanza nataka kubandika uji."

"Mwaga! Mwaga yote! Mtoto?"

"Mtoto amelala. Kuna nini, baba?"

"Muulize mama kama amekunywa."

Nikasikia wananong'ona. Niliegemea ukuta wa nyumba yangu mwenyewe nikimshukuru Mungu kwa ajili ya wale wawili, na kwa muda huo mdogo, haki ya Mungu, nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha mke wangu akasema, sauti ikiwa ya kawaida tu, bado hajaelewa, "Anasema amekunywa kibuyu kizima kule kwenye mahindi. Ati ulimkimbiza sana, akashikwa na kiu."

Kibuyu kizima. Alijificha mabuani, amekaa chini, moyo unamdunda, akisubiri mimi nipite. Sikupita. Basi akatua debe akanywa.

Sitaeleza sana habari za mchana ule. Sumu ile haina haraka na haina huruma. Alianza kwa kusema tumbo linamchoma, akamwomba binti yake msamaha kwa kuchafua nyumba. Nilikuwa nje, nasikia yote. Nikakimbia kwa Bwana kuomba lori limpeleke hospitali ya Kitale. Bwana alikuwa barazani. Nilimweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Dawa imepungua kiasi gani?" Nikamwambia mikono miwili. Akapiga hesabu kichwani, akatukana. Lori, alisema, limebeba mahindi ya stesheni, likirudi nitaona. Mpe maziwa. Nikampa asante. Ndiyo, nilimshukuru, nikarudi na maziwa kwenye chupa.

Wanaume walipoitwa kutoka shambani walimtoa kwa machela ya magunia, wakamweka kwenye mkokoteni wa maksai. Mimi nilitembea nyuma mbali, hatua za heshima. Alikata roho kabla ya barabara kubwa. Mbuzi wawili wa nyapara waliokunywa kwenye dimbwi chini ya mfereji walikuwa wameshakufa. Nyapara alikuja kunidai mbuzi wake wakati bado tunamfunika.

Tulimzika kwao, karibu na Bokoli. Watu walikuwa wengi. Nilidhani watanipiga, na kusema ukweli, nilitaka wanipige. Badala yake walinipa kiti. Kaka yake marehemu, mzee mwenye fimbo na koti la kanisani, alisimama kusema. Habari alizipata kutoka kwa yule mwanamke wa ukoo wao, na habari hizo zilikuwa za nje tu: kwamba maji yaliharibika kwenye shamba la mzungu, kwamba mkwe alijaribu. Alinielekezea fimbo. "Huyu kijana," akasema, "nataka mumtazame. Siku hizi watoto hawana haya. Huyu, hata kwenye taabu ile, hakumtazama dada yangu usoni. Hakumgusa. Alimwinamishia macho. Dada yangu amekufa akiwa na heshima yake." Wazee wakaitikia. Wanawake wakapiga vigelegele kidogo, vile vya msibani. Nikaletewa paja la kuku kwenye sahani, peke yangu, kwa heshima. Nikalila. Lilikuwa tamu, maana nilikuwa sijala siku mbili.

Hakuna aliyeuliza habari ya bomba. Mtu wa Bokoli angejuaje kuuliza kama bomba linaingia juu au chini? Ningesimama pale niseme. Nilijipangusa mikono.

Jioni jua likiwa bado halijazama nilimtafuta mke wangu tupange safari ya kurudi Kitale. Nilimkuta nyuma ya jiko, mtoto mgongoni, anapepeta mchele. Nikamwambia lori linaondoka asubuhi. Hakuinua macho.

"Pale mfereji," akasema, "ulipomwona mama, debe lilikuwa wapi?"

"Kichwani."

"Ulikuwa mbali?"

Ningedanganya, lakini nilikuwa nimechoka. "Hatua kumi."

Akaacha kupepeta. "Yule mzee wa Myanga ulimcheka mbele ya watu. Nyumba yake uliingia kuku wake hajatoka. Bwana uliruka mbele yake hata hajakuita. Siku zote hizo haya ulikuwa umeiweka wapi?"

"Lakini mama mtoto," nikasema, "yule si alikuwa mama mkwe wangu?"

"Alikuwa mama yangu," akasema. "Ungempiga teke, ukamwaga lile debe, angekulaani mpaka leo. Angekuwa hai, anakulaani."

Nikanyoosha mikono anipe mtoto nimshike. Akamsogeza vizuri mgongoni, akakaza leso, akaniambia niende na lori peke yangu. Kisha akachukua ule ungo akaingia jikoni kwa wanawake wenzake, maana wageni wa mbali walikuwa bado hawajala.